Vikagua tahajia vya Kiswahili kwenye LibreOffice, Word na Gboard: makosa vinayoyaona na yanayopita

Chukua sentensi hii, ya aina inayosomwa mtandaoni kila siku: "Ongera sana ndugu yangu, nazani samani ya kiwanja icho imepanda kwasababu watu wengi wana jenga uko." Ina makosa saba. Aliyeiandika alikusudia kusema: "Hongera sana ndugu yangu, nadhani thamani ya kiwanja hicho imepanda kwa sababu watu wengi wanajenga huko."

Kikagua tahajia kinachopima neno moja moja kinaweza kukamata manne tu kati ya hayo saba: ongera, nazani, icho na kwasababu. Matatu yanayobaki yanapita bila mstari mwekundu. Samani ni neno halali, maana ni meza, viti na vitanda. Wana ni neno halali, jenga ni neno halali, na uko pia ni neno halali. Sentensi nzima imeharibika, lakini kila kipande kikitazamwa peke yake hakina tatizo.

Uhakiki huu unahusu vyombo vitatu ambavyo mwandishi wa Kiswahili anaweza kuvipata leo bila shida: LibreOffice Writer, Microsoft Word, na kibodi ya simu ya Gboard. Vyote vitatu vinasaidia. LibreOffice kinawazidi wenzake kwa mbali, kwa sababu ambayo watumiaji wengi hawaijui. Hakuna hata kimoja kinachofaa kuachiwa kazi peke yake.

Kwa nini neno sahihi linapigiwa mstari

Malalamiko makubwa kuhusu vikagua hivi ni kwamba ukurasa mzima unageuka mwekundu hata pale Kiswahili kilipo safi. Chanzo kimoja ni mipangilio, nacho tutakifikia. Chanzo cha pili kimo ndani ya lugha yenyewe.

Kitenzi cha Kiswahili hubeba mzigo wake mbele. Katika aliyenipigia kuna a- ya nafsi, -li- ya wakati, -ye- ya urejeshi na -ni- ya mtendwa, ndipo unaufikia mzizi -pig-, kisha -i- ya kutendea na -a ya mwisho. Hesabu viambishi vya kiima bila kurudia vinavyofanana kwa maandishi: ni, u, a, tu, m, wa, i, li, ya, ki, vi, zi, ku, pa. Ni 14. Weka alama nane za wakati na hali: na, li, ta, me, ka, ki, nge, ngali. Ongeza viambishi vya mtendwa 14, yaani ni, ku, m, tu, wa, u, i, li, ya, ki, vi, zi, pa, ji, pamoja na nafasi ya kutokuwa na mtendwa, ziwe nafasi 15. Ukizidisha 14 kwa 8 kwa 15 unapata maumbo 1,680 ya kitenzi kimoja tu. Hapo hujagusa ukanushi, hujagusa urejeshi, wala hujaingia kwenye kupigia, kupigwa, kupigana na kupigisha. Mengine kati ya maumbo hayo hayatamkwi na mtu yeyote, lakini yanayobaki bado ni mengi kuliko orodha yoyote ya maneno inavyoweza kubeba kwa vitenzi vyote vya lugha.

LibreOffice hutumia injini iitwayo Hunspell, ambayo imo pia ndani ya Firefox na Chrome. Ilitengenezwa na László Németh kwa ajili ya Kihungari, lugha inayorundika viambishi mwishoni mwa neno. Kwa kawaida yake Hunspell huweza kuvua viambishi tamati viwili na kiambishi awali kimoja. Ipo swichi ya kuugeuza mpangilio huo, vikawa awali viwili na tamati kimoja, ila kitenzi kama aliyenipigia kina vinne mbele. Kwa hiyo mtu anayetunga faili la Kiswahili la Hunspell ana njia mbili: kufunga viambishi katika mafurushi yaliyo tayari, kama nili-, nilim-, niliku-, niliwa-, au kuorodhesha maneno mazima. Njia zote mbili huacha mapengo, na mapengo hayo ndiyo mistari myekundu chini ya maneno sahihi.

Kutokana na hayo kuna kanuni moja ya kazi. Mstari ukiwa chini ya neno fupi, kama icho, apa, ela au kwahiyo, lishuku neno. Mstari ukiwa chini ya kitenzi kirefu, kama walipokukaribisha, kivunje kwanza: wa-li-po-ku-karib-ish-a. Kila kipande kikiwa na kazi yake, neno ni zima na chombo ndicho kilichopungukiwa. Watu wengi hufanya kinyume. Hufuta neno refu lililo sahihi ili mstari uondoke, kisha huliacha fupi lenye kosa kwa kuwa wamelizoea.

Njia bora zaidi ya kukagua inajulikana. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitengeneza SALAMA, mfumo unaolichambua neno la Kiswahili kiambishi kwa kiambishi badala ya kulitafuta katika orodha. Mfumo wa namna hiyo haubabaishwi na urefu wa kitenzi. Lakini nao una mpaka wake. Waliyokuja ni umbo halali kabisa katika "njia waliyokuja nayo", kwa hiyo anayeandika "watu waliyokuja" badala ya "watu waliokuja" hakamatwi kwa kuchambua neno peke yake. Lazima chombo kitazame nyuma kione kama nomino ni njia au watu.

Mapendekezo ya kusahihisha

Kuliona kosa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni orodha ya maneno inayofunguka ukibofya kitufe cha kulia cha kipanya, na hapa ndipo mwandishi mwenye haraka anapoharibu zaidi.

Vikagua hupendekeza maneno yaliyo karibu kwa herufi. Ongera iko herufi moja tu kutoka hongera, herufi moja kutoka ongea, na herufi moja kutoka ongeza. Chombo hakijui unampongeza mtu. Kwa nazani hali ni mbaya zaidi: kutoka hapo hadi nadhani ni mabadiliko mawili, z kuwa d na kuongeza h, wakati nazini, ambalo ni tamko la uzinzi, liko herufi moja tu. Ukibofya pendekezo la kwanza bila kusoma, unaweza kumtumia mkweo au mwajiri wako neno ambalo hukulikusudia hata kidogo.

Tiba ipo ndani ya Hunspell yenyewe. Faili la kanuni linaruhusu jedwali la mabadilishano, ambamo mtunzi anaandika kwamba z huandikwa badala ya dh, s badala ya th, g badala ya gh, na l badala ya r au r badala ya l. Mabadilishano hayo hupewa nafasi ya juu katika mapendekezo. Makosa ya Kiswahili hayatokei ovyo, yanafuata matamshi. Anayesema zambi ataandika zambi, anayesema garama ataandika garama, na anayesema rakini ataandika rakini. Jedwali fupi la jozi kumi lingeboresha mapendekezo kuliko kuongeza maelfu ya maneno, na yeyote anayetunza faili la Kiswahili angefanya vyema kuanzia hapo.

LibreOffice Writer

Ni bure, haihitaji intaneti ukishaisakinisha, na inafanya kazi kwenye kompyuta za zamani ambazo Word mpya inazilemea.

Tatizo la kwanza hutokea siku ya kusakinisha. Kwenye Windows, anayebofya Next mpaka mwisho hupata kamusi zinazolingana na lugha ya mfumo wake, na Kiswahili kinaweza kuachwa nje. Chagua Custom, fungua Optional Components, kisha Dictionaries, na uhakikishe Swahili haina alama ya kukataliwa. Kwenye Ubuntu na Debian, sakinisha kifurushi kiitwacho hunspell-sw.

La pili ni lugha ya hati. Kuwa na kamusi hakutoshi: kila aya hubeba lebo ya lugha yake, na lebo ikisema Kiingereza basi Kiswahili chote kitakuwa chekundu. Chagua maandishi yote kwa Ctrl+A, bofya jina la lugha kwenye mwambaa wa chini, na uweke Kiswahili. Orodha ya lugha ina Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania. Angalia ipi ina alama ya tiki yenye herufi ABC pembeni, kwa kuwa alama hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba kuna kamusi nyuma yake. Ukichagua isiyo na alama, mistari yote itatoweka na utadhani hati imetakata, kumbe hakuna kinachokaguliwa.

Maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye tovuti huja na lebo yake ya lugha, mara nyingi Kiingereza. Yabandike bila mtindo, kwa Ctrl+Alt+Shift+V, yachukue lugha ya hati yako. F7 huanza ukaguzi wa neno kwa neno, na Shift+F7 huwasha au kuzima mistari myekundu.

Sasa sababu ya kukiweka chombo hiki mbele ya wenzake. LibreOffice hukuruhusu kutengeneza kamusi ya maneno ya kukataliwa, yaani orodha ya maneno ambayo ni halali lakini unataka yapigiwe mstari kila yanapotokea. Nenda Tools, Options, kisha Writing Aids iliyo chini ya mipangilio ya lugha. Bofya New kwenye sehemu ya kamusi za mtumiaji, ipe jina, na utie tiki kwenye Exception. Ukifungua Edit utaona nafasi mbili: neno, na neno la kuweka badala yake.

Hapo unayaingiza maneno yanayojificha. Kua, badala yake kuwa: watu wengi huandika "anataka kua mwalimu", na kwa kuwa kua ni kitenzi cha kuongezeka umri, hakuna chombo kinachokamata. Samani, badala yake thamani. Zana, badala yake dhana, kama unaandika makala za kitaaluma ambazo dhana hutokea mara kwa mara. Uko, badala yake huko. Ngoa, badala yake ng'oa. Kuanzia hapo kila neno kati ya hayo litasimamisha ukaguzi na kukulazimisha ulitazame. Ukiwa kweli unauza samani, utaliruka. Kwa njia hii sentensi yetu ya mwanzo inabaki na kosa moja tu lisiloonekana, wana jenga, na hilo nalo litapatiwa dawa huko chini.

Usiingize maneno mengi mno. Orodha ya maneno 20 hadi 30 inatosha mwandishi wa kawaida. Ikizidi hapo ukaguzi unakuwa wa kuchosha, na mtu aliyechoka hubofya "puuza" bila kutazama.

Msaada wa pili ni jedwali la kubadilisha wakati unaandika. Liko kwenye Tools, AutoCorrect Options, ukurasa wa Replace. Juu kabisa chagua lugha ya Kiswahili, la sivyo maingizo yako yatakwenda kwenye Kiingereza na hayatafanya kazi. Weka kwasababu iwe kwa sababu, kwahiyo iwe kwa hiyo, kwaajili iwe kwa ajili, hatahivyo iwe hata hivyo, kwamfano iwe kwa mfano. Haya hubadilishwa unapobonyeza nafasi baada ya neno. Maandishi uliyoyabandika hayaguswi, kwa hiyo usilitegemee jedwali hili kusafisha kazi ya mtu mwingine.

Upungufu wa LibreOffice ni ule wa Hunspell tuliouona: vitenzi virefu vitakusumbua, na majina ya watu na mahali yatahitaji kuongezwa. Ongeza majina kwenye kamusi yako ya kawaida, lakini kabla ya kubofya "ongeza" soma neno mara mbili. Kosa likiingia kwenye kamusi halitaonekana tena katika hati yoyote.

Microsoft Word

Word ina Kiswahili, inakagua tahajia, na kwa ofisi ambazo tayari zimeilipia hakuna sababu ya kuhama. Sarufi ya Kiswahili haikaguliwi, hata kama unaona mistari ya buluu inayotokea unapoandika Kiingereza.

Chagua maandishi yote, nenda Review, Language, Set Proofing Language, na uchague Kiswahili. Kwenye kisanduku hichohicho kuna tiki mbili za kuangalia. Ile ya kutokagua tahajia iondoe. Ile ya kutambua lugha yenyewe pia iondoe, kwa sababu aya yenye maneno machache ya Kiingereza, kama tangazo la simu au la gari, inaweza kubandikwa lebo ya Kiingereza na mistari ikajaa.

Kuna mpangilio mwingine unaowaponza watu wa matangazo. Word huanza ikiwa imeelekezwa kupuuza maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa tupu, na yale yenye tarakimu. Bango lote la TUNAUZA VIWANJA KWA BEI NAFUU halikaguliwi hata herufi moja. Nenda File, Options, Proofing, uondoe tiki hizo mbili kabla ya kupeleka kazi kwa mchapaji. Mabango mengi ya barabarani yenye "garama nafuu" na "tunatengeneza samani zenye samani" yalipita katika kompyuta yenye kikagua tahajia.

Kubadilisha wakati wa kuandika kunafanya kazi kama kwenye LibreOffice. Kamusi ya kukataa maneno halali katika Word hutengenezwa kwa kuhariri mafaili yaliyo kwenye folda iliyofichwa, jambo ambalo mtumiaji wa kawaida hatalifanya. Ndiyo maana Word inabaki nafasi ya pili.

Gboard kwenye simu

Maandishi mengi ya mtandaoni hayapiti kwenye kompyuta kabisa, kwa hiyo kibodi ya simu ndiyo yenye athari kubwa kuliko vyote. Ndiyo pia yenye hatari kubwa, maana haipigi mstari na kusubiri: inabadilisha.

Hatua ya kwanza ni kuongeza Kiswahili kwenye lugha za kibodi, ukichagua cha Kenya au cha Tanzania. Simu iliyobaki kwenye Kiingereza peke yake itayageuza maneno ya Kiswahili kuwa ya Kiingereza yaliyo karibu, na msomaji ataona maneno yasiyo na uhusiano na sentensi. Kama unachanganya lugha, Gboard inaweza kutumia zote mbili kwa pamoja. Kama huchanganyi, acha Kiswahili peke yake, utapata mapendekezo safi zaidi.

Hatua ya pili ni kuzima masahihisho ya kiotomatiki na kuacha mapendekezo. Kwa Kiswahili huu ndio mpangilio tunaoupendekeza bila kusita. Mapendekezo yanabaki juu ya kibodi na unachagua mwenyewe, wala hakuna neno linalogeuzwa ukiwa umeshahamia lingine. Anayeyaacha yakiwa yamewashwa akumbuke kwamba kubonyeza kitufe cha kufuta mara tu baada ya neno kugeuzwa hulirudisha lilivyokuwa.

Tatizo kubwa la Gboard ni kwamba inajifunza kutoka kwako. Ukiandika "nazani" mara kwa mara, itaanza kukupendekezea nazani, na hapo kibodi inakuwa mwalimu wa kosa. Pendekezo baya likitokea, lishikilie kwa kidole na ulivute hadi kwenye alama ya pipa la taka. Kama kibodi imeharibika sana, kwenye mipangilio ya faragha ya Gboard kuna mahali pa kufuta maneno yote iliyojifunza, uanze upya. Kwenye simu ya kurithi kutoka kwa mtu mwingine, fanya hivyo siku ya kwanza.

Kamusi binafsi ya Gboard ina nafasi ya njia ya mkato, na ni zana nzuri isiyotumiwa. Weka neno "kwa ajili ya" na mkato "kwj", "kwa sababu" na mkato "ksb", "ng'ombe" na mkato "ngb". Mfano wa mwisho una sababu yake: kwenye kibodi nyingi alama ya king'ong'o (') iko kwenye ukurasa wa alama, ndiyo maana watu huandika ngombe, ngambo na kungaa. Mkato unamaliza usumbufu huo. Vilevile, aliyezoea kuandika mbn, hv na cjui anaweza kuendelea na vidole vyake vilevile, huku simu ikiweka mbona, hivi na sijui.

Kiswahili cha wapi?

Vikagua hivi vinafuata Kiswahili sanifu, kile kilichojengwa juu ya lahaja ya Unguja baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 na kazi ya Kamati ya Lugha iliyoanza mwaka 1930. Mkenya anayeandika tarakilishi na rununu asishangae vikimshuku, na Mtanzania anayeandika ahsante badala ya asante vivyo hivyo. Anayeandika Kiswahili cha Lubumbashi, chenye mutu na batu, atapata mistari kila mahali bila kosa lolote la kwake. Afadhali azime ukaguzi, au ajenge kamusi yake kidogo kidogo.

Panapokuwa na ubishi juu ya neno, mwamuzi si kikagua tahajia. Fungua Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1981, au Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa). Neno likiwa humo, liongeze kwenye kamusi ya chombo chako na uendelee.

Kazi inayobaki kwa mkono

Hata mipangilio ikiwa kamili, makundi matatu ya makosa yanahitaji jicho la mtu.

La kwanza ni kutenganisha viambishi na kitenzi, na hili ndilo linaloharibu maandishi mengi zaidi ya yote. "Nime fika" kuna uwezekano wa kukamatwa, kwa sababu nime si neno. Lakini "tume fika" inapita, kwani tume ni kundi la watu walioteuliwa kuchunguza jambo. "Wali kuja" inapita, kwani wali ni chakula. "Tuta onana" inapita, kwani tuta ni la barabarani au la shambani. "Wana jenga", "ana sema", "tuna omba" zote zinapita. Dawa yake ni kutafuta kwa Ctrl+F: andika wali, weka nafasi baada yake, na utazame kila unapolipata. Kisha fanya hivyo kwa tume, tuta, wana, ana, nina, tuna, una na ina. Kanuni ya kuamua ni rahisi: kinachofuata kikiwa kitenzi, unganisha, kikiwa nomino, tenganisha. Wanajenga ni neno moja, wana nyumba ni mawili. Anaumwa ni neno moja, ana homa ni mawili. Kwenye LibreOffice, wali na tume vinaweza kuingia moja kwa moja kwenye kamusi ya kukataa, kama huandiki mapishi wala habari za uchaguzi.

Kinyume chake ni maneno yanayorudiwa. Mbalimbali, polepole, sawasawa na vilevile huandikwa kama neno moja moja, na anayeandika mbali mbali hakamatwi kwa kuwa kila mbali ni halali.

Kundi la pili ni upatanisho wa ngeli. "Kitu hii", "vyakula zimekwisha", "maji inatoka": kila neno ni safi, sentensi imevunjika. Hapa njia inayofanya kazi ni kusoma ukiwa umeshika nomino tu. Iweke alama nomino, kisha tazama kila neno linaloitegemea hadi kwenye kitenzi. Kitu, hiki, changu, kimeharibika. Vyakula, hivi, vyangu, vimekwisha. Makosa mengi ya ngeli hutokea nomino na kitenzi chake vinapoachana kwa maneno matano au zaidi, hivyo anza na sentensi ndefu.

Kundi la tatu ni h inayodondoka au kuongezwa palipo na maneno mawili halali: ua na hua, uko na huko, ama na hama. Anayejua kwamba matamshi yake yanaiacha h aiweke orodha hii yote kwenye kamusi ya kukataa.

Ukaguzi huu wote, kwa ukurasa mmoja wa maneno 300, unakwenda haraka ukifuata mpangilio: kwanza F7, pili Ctrl+F kwa vile viambishi, tatu kusoma kwa ngeli. Ukianza na ngeli kabla ya tahajia, utasoma mara mbili bila sababu.

Kushirikisha orodha

Faida ya mwisho ya LibreOffice ni kwamba kamusi ya kukataa ni faili la maandishi tupu, na linaweza kutumwa kama faili lingine lolote. Ofisi ya habari, shule au watu wanaohariri kwa pamoja wanaweza kutunza orodha moja. Fungua kihariri cha maandishi tupu na uandike hivi, kila kitu kwenye mstari wake:

OOoUserDict1
lang: <none>
type: negative
---
kua==kuwa
samani==thamani
uko==huko
ngoa==ng'oa

Alama za usawa ni mbili, na hakuna nafasi kati yake na maneno. Hifadhi kwa usimbaji (encoding) wa UTF-8, jina liishie na .dic, na uliweke faili kwenye folda iitwayo wordbook ndani ya wasifu wako wa LibreOffice, yaani folda inayotunza mipangilio yako. Funga LibreOffice kabisa kabla ya kuliweka, kwani ikiwa wazi inaweza kuandika juu yake wakati wa kufunga. Ukiifungua tena, rudi kwenye Writing Aids na uhakikishe jina la kamusi lina tiki. Kisha andika kua kwenye hati tupu yenye lebo ya Kiswahili: mstari mwekundu ukitokea na pendekezo likawa kuwa, orodha imeingia.